Maswali ya wasomaji: ukisema umezoea kelele za kazini, masikio yameshaanza kukuacha

Barua za safari hii karibu zote ni za masikio, sijui mmeambiana au vipi. Nimezifupisha kidogo maana wengine mmeandika risala. Mimi sio daktari wa masikio, kazi yangu ni usalama kazini, kwa hiyo pale panapohitaji daktari ntakwambia nenda kwa daktari na naomba uende kweli. Naanza na huyu kijana kwa sababu wa kwake hauwezi kukaa foleni.

Habari mtaalamu. Juzi mpira wa upepo wa kompresa umepasuka karibu kabisa na kichwa changu, mlio ulikua kama bomu. Tangu hapo sikio la kulia limeziba na linapiga mluzi muda wote. Wenzangu wananiambia niweke mafuta ya uvuguvugu litafunguka lenyewe. Niweke? (Kijana wa karakana)

Usiweke kitu. Sio mafuta, sio maji, sio matone ya dukani, manake mlio wa ghafla kama huo unaweza kupasua ngoma ya sikio, na ikiwa imepasuka kila unachomimina kinaenda moja kwa moja ndani na kuleta usaha juu ya tatizo ulilonalo. Nenda hospitali leo na umuulizie daktari wa masikio, pua na koo, mwambie ulikua mlipuko na ueleze ni siku gani. Ngoma iliyopasuka mara nyingi inajifunga yenyewe kwa wiki kadhaa, hiyo sio inayonitia wasiwasi. Wasiwasi wangu ni sikio la ndani, kule dawa zipo lakini zinasaidia zaidi zikianza siku za mwanzo, ukikaa mwezi unasikilizia kama litazibuka daktari atabaki na kidogo cha kufanya. Na kazini ombeni mlipuko huo uandikwe kwenye daftari la ajali hata kama hujatoka damu, kesho na keshokutwa utauhitaji huo ushahidi.

Mtaalamu pole na majukumu. Mimi ni fundi chuma, grainda ndo maisha yangu kwa miaka mingi sasa. Zamani nilikua nikitoka kazini masikio yanavuma mpaka usiku lakini siku hizi nimezoea, hata vijana wapya nawaambia mtazoea tu. Shida ni nyumbani, mke wangu anasema TV naweka sauti ya kuudhi majirani, na mtoto wangu wa kike akiongea nasikia anaongea ila sielewi anasema nini. Mwanaume mwenzangu akiongea namuelewa vizuri. Hii ni masikio kweli au ni umri? Na yatarudi? (Fundi grainda)

Kaka yangu, hebu nianze na hilo neno lako la kuzoea kwa sababu limo kwenye barua nyingi nilizopokea. Sikio halizoei kelele hata siku moja, mkono unaota sugu ila sikio haliwezi. Ndani kabisa ya sikio kuna kijumba kilichojisokota kama konokono na ndani yake kuna seli zenye vinyweleo, kama 15,000 kila upande, hizo ndo zinageuza mtikisiko wa sauti kuwa taarifa ya kwenda kwenye ubongo. Kelele kali inazichosha. Ule mvumo wa jioni uliokua unaupata zamani ilikua ni seli zimechoka, zikipumzika usiku kucha nyingi zinaamka tena na asubuhi unajiona mzima. Lakini ukizichosha kila siku, kuna ambazo haziamki, na kwa binadamu zikifa hazioti nyingine (ndege zinawaota tena, sisi hatukubahatika). Sasa ukisema siku hizi grainda hailii sana kama zamani, grainda ni ile ile, waliopungua ni wasikilizaji wako wa ndani.

Na jambo hili sio geni. Mwaka 1713 daktari Mtaliano Bernardino Ramazzini aliandika kuhusu wafua shaba wa Venice kwamba wakizeeka wanakua viziwi kwa sababu ya nyundo, na mwaka 1886 daktari Thomas Barr wa Glasgow aliwapima watengeneza boila 100 asikute hata mmoja mwenye usikivu kamili. Nina hakika kati ya wale 100 wapo waliomwambia wamezoea.

Kuhusu mtoto wako: kelele za kazini zinaanza kuua seli za sauti nyembamba, hasa kwenye eneo la hezi 3,000 mpaka 6,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti, namba ikipanda sauti inazidi kuwa nyembamba), na kwenye karatasi ya kipimo cha masikio utaona mstari umezama kama shimo pale kwenye 4,000. Sauti za mwanamke na mtoto ziko juu zaidi kuliko za mwanaume, halafu herufi kama s, f, sh, ch na t zinakaa huko huko kwenye wembamba. Kwa hiyo unasikia irabu, unasikia mtu anaongea, lakini "fika" na "shika" na "sika" vyote vinakuingia kama kitu kimoja. Ndo maana watu wenye tatizo lako hawasemi "sisikii", wanasema "ongea vizuri mbona unamung'unya maneno". Umri nao unakula masikio, sikatai, ila umri hauchimbi lile shimo la 4,000, na daktari akiona karatasi yako pamoja na historia ya kazi ataweza kutofautisha.

Yatarudi? Yaliyokufa hayarudi, sitakudanganya. Kifaa cha kusaidia kusikia kinasaidia wengi, ila kinakuza sauti tu, hakifufui seli, kwenye watu wengi wanaoongea kwa pamoja bado utapata tabu. Yaliyobaki ndo ya kupigania, na hapo kuna hesabu moja nataka uijue. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, inashauri mtu asizidi desibeli 85 kwa saa 8 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa kelele), na kila desibeli 3 zikiongezeka nguvu ya kelele inakua mara mbili kwa hiyo muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, 97 ni nusu saa, 100 ni robo saa. Grainda ikiwa inakula chuma inazungukia hapo hapo kwenye 100. Yaani posho yako ya kelele ya siku nzima unaimaliza kabla hata chai ya saa nne haijafika, hiyo shifti iliyobaki yote ni deni. Na tafadhali hao vijana wapya usiwaambie tena watazoea.

Habari. Mimi ni msimamizi wa shifti. Kampuni imenunua viziba masikio vya sponji vizuri tu, kwenye boksi imeandikwa NRR 29 (yaani vinapunguza kelele kwa desibeli 29), mashine zetu zimepimwa ni 100. Kwa hesabu yangu 100 toa 29 ni 71, watu wako salama. Ila kipimo cha masikio cha mwaka huu wafanyakazi kadhaa wameshuka. Wanavaa kweli nawaona. Tatizo liko wapi? (Msimamizi)

Tatizo liko sehemu tatu ndugu yangu, na ya kwanza ni hiyo toa. Namba ya kwenye boksi imepatikana maabara, mtu amevalishwa vizuri ametulia kwenye kiti. OSHA ya Marekani, mamlaka yao ya usalama kazini, inapendekeza kwa hali halisi ya kazini uitoe 7 kwanza kisha ugawe kwa mbili, 29 toa 7 ni 22, nusu yake 11. Kwa hiyo wafanyakazi wako huenda wanapokea 89, sio 71. Wengine wanavaa vizuri wanapata zaidi ya hapo, wengine hawapati hata hiyo 11.

Ya pili ni uvaaji. Nenda kesho ukasimame karibu uangalie sikio moja moja. Kama sponji yote inaonekana imetokeza nje kama kizibo cha chupa, haifanyi kazi yoyote zaidi ya kumpendeza mkaguzi. Inatakiwa mikono iwe safi, uisokote mpaka iwe nyembamba kama njiti isiyo na mikunjo, kisha mkono wa upande wa pili upite juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, uingize, halafu ushikilie kwa kidole sekunde 20 mpaka 30 mpaka itanuke. Hapo kwenye kushikilia ndo wengi wanafeli, wanachomeka wanaachia inarudi nje yenyewe. Kujua imekaa: funika masikio yote mawili kwa viganja ukiwa kwenye kelele, ukiona kelele imeshuka sana ulipofunika basi sponji haijaziba, ukiona haibadiliki sana iko sawa. Wapo pia watu wenye matundu madogo au yaliyopinda, hao sponji ya saizi moja haiwafai hata wasokote vipi, wape saizi nyingine au vile vya kufunika sikio lote kama hedifoni. Ila vile vya kufunika navyo vikikutana na fremu nene ya miwani au nywele nyingi pembeni panabaki upenyo.

Ya tatu ndo inayowashangaza watu wengi. Kuvua kidogo. Fundi anavua aongee na mwenzake, anavua apokee simu, anavua kwa sababu ya jasho. Hata kinga ingekua ya desibeli 30 kamili, ukivua jumla ya nusu saa tu kwenye shifti ya saa 8 unabaki na kinga ya kama 12. Nusu saa! Kwa hiyo sio lazima uwaongezee kinga kubwa zaidi, wakati mwingine kinga kubwa mno ndo inafanya wavue kwa sababu hawasikii hata honi ya foklifti. Lengo ni ndani ya sikio kuwe kati ya 70 na 80 hivi, kisha uwawekee sehemu tulivu ya kuongelea na ishara za mikono mnazokubaliana.

Halafu hao walioshuka lazima waambiwe. Sheria ya Marekani kwa mfano, wastani wa usikivu kwenye hezi 2,000, 3,000 na 4,000 ukishuka desibeli 10 kwenye sikio moja ukilinganisha na kipimo cha kwanza, mwajiri ana siku 21 kumjulisha mfanyakazi kwa maandishi. Sheria ya kwenu iangalie, ila kumficha mtu karatasi ya masikio yake mwenyewe sijui unaelezaje.

Nina karakana ndogo ya mbao, watu wachache, sina hela ya kununua mashine mpya. Kila nikiuliza naambiwa nunua viziba masikio. Hakuna kingine? (Seremala)

Kipo tena kingi, na nimefurahi umeuliza kwa sababu viziba masikio vilitakiwa viwe mwisho wa orodha sio mwanzo, tunavikimbilia kwa vile ni rahisi kununua na lawama inahamia kwa mfanyakazi.

Anza na mashine inayolia kuliko zote, usihangaike na zingine kwanza. Desibeli hazijumlishwi kama hela, mashine mbili za 90 zikiwaka pamoja zinatoa 93, na ukiwa na moja ya 100 na nyingine ya 90 basi hiyo ya 90 uzime uwashe karibu hutaona tofauti. Kwa hiyo tafuta mkubwa wao. Halafu umkague: msumeno butu au uliopinda unapiga kelele zaidi, beringi iliyoisha inapiga kelele, boliti iliyolegea inafanya kava lote liwe ngoma. Grisi na tupa havihitaji mkopo. Miguu ya mashine iwekee mpira mzito ili mtikisiko usishuke sakafuni na kupanda kwenye meza na kuta. Na mashine iliyowekwa kwenye kona itoe, kona inakurudishia sauti yote usoni.

Kompresa ndo rahisi kabisa, itoe nje mpira wa upepo upite ukutani. Eneo la wazi kila umbali ukizidisha mara mbili kelele inashuka kama desibeli 6, ndani ya kuta za mabati inashuka kidogo tu kwa sababu inazunguka. Ukiijengea boksi tumia mbao nene nzito, ndani uweke kitu laini cha kunyonya sauti, na usiache upenyo mahali pasipo na ulazima, tundu dogo linaharibu boksi zima. Njia ya hewa ya kupooza ifanye iwe imepinda sio tundu la moja kwa moja. Sponji peke yake au trei za mayai ukutani hazizuii kelele kupita, zinapunguza mwangwi kidogo basi, kinachozuia ni uzito. Ila jenereta usiifungie hivyo hivyo kienyeji na wala usiiweke ndani, moshi wake unaua kimya kimya haraka kuliko kelele.

Na ile tabia ya kupuliza vumbi kwa upepo wa kompresa mwisho wa siku, iache, tumia brashi au vakyumu. Ule mluzi uko juu sana na uko karibu na uso, ukilazimika kuutumia punguza presha na uweke nozeli ya kupunguza mlio. Mwisho pangeni zamu, asikae mtu mmoja kwenye msumeno siku nzima, na asiyehusika asiwe anakatiza pale. Baada ya yote hayo ndo uongelee viziba masikio, na utakuta hata vya kawaida vinatosha.

Mi navaa earphone na muziki, kelele zote sizisikii. Si ni kinga hiyo? Mwenzangu anaweka pamba. (DJ wa kiwandani)

Hapana, na hapana. Kwa earphone hujaziba kelele, umeipandia juu: ili usikie muziki kwenye kelele ya 90 inabidi muziki uwe mkubwa kuliko hiyo 90, sasa sikio linapigwa na wawili. Pamba ya kawaida inapunguza kidogo mno, mwambie mwenzako aibakize kwenye vidonda.

Nitajuaje kelele ni nyingi bila kile kipimo? Nimeona app za simu. (Msomaji)

Simameni mkono mmoja kutoka kwa mwenzako, kama mita moja. Ikibidi upaze sauti ndo akuelewe, hesabu mko kwenye 85 au zaidi. Dalili zingine ni masikio kuvuma au kuhisi yamejaa pamba baada ya kazi, na redio ya gari uliyoiacha asubuhi kwa sauti ya kawaida jioni unaiwasha unahisi iko chini. App zinasaidia kupata picha, NIOSH wana ya kwao ya bure ya iPhone ambayo imejaribiwa, kwenye simu zingine maikrofoni zinatofautiana sana kwa hiyo usiende kubishana na bosi kwa namba ya simu tu, itumie kudai kipimo rasmi. Umoja wa Ulaya kwa mfano mwajiri anatakiwa aanze kutoa kinga kuanzia 80, ikifika 85 kuvaa ni lazima. Na kuna mkataba wa Shirika la Kazi Duniani, namba 148 wa mwaka 1977, unaohusu hewa chafu, kelele na mtikisiko kazini, uliza chama chenu cha wafanyakazi kama nchi yenu imeuridhia.

Shikamoo. Nipo kwenye mashine za kufuma vitambaa, nina ujauzito wa miezi mitano. Navaa kinga zangu vizuri. Mtoto je? (Mama kijacho)

Marahaba mwanangu, na hongera. Kinga zako zinalinda masikio yako tu, tumbo halivai kinga. Sikio la mtoto kufikia kama wiki ya 20 limeshajijenga kwa sehemu kubwa, na sauti nzito za mngurumo, zile unazozihisi kifuani kuliko kuzisikia, ndo zinazopenya tumboni. Ushauri wa wataalamu wa Marekani ni mjamzito asikae kwenye kelele ya kupita 115 hata akiwa na kinga, na ajiepushe na mngurumo kadri inavyowezekana. Wewe usiegemee wala kukaa juu ya mashine inayotikisika, kaa mbali nayo unavyoweza, na omba kuhamishiwa sehemu tulivu mpaka ujifungue. Kliniki waambie unafanya kazi gani, wasipouliza waambie wewe.

Mimi napuliza rangi, sehemu yetu haina kelele za kutisha, 80 hivi. Lakini kipimo kinaonyesha masikio yameshuka. Inawezekanaje? (Mpuliza rangi)

Inawezekana sana, na watu wengi wa usalama wanalipita hili. Baadhi ya vimiminika vya kuyeyushia rangi na gundi, kama toluini na stairini, vinaharibu masikio kupitia damu, unavivuta puani na vingine vinapita kwenye ngozi. Risasi nayo imo, na gesi ya kabonimonoksaidi. Vikikutana na kelele hata isiyo kubwa madhara yanazidi. Kwa hiyo kinga yako kuu ni feni ya kutolea hewa nje, barakoa yenye chujio la mvuke (ile ya vumbi haisaidii hapo), glavu sahihi, na usinawe mikono kwa thina. Mwambie daktari pia dawa ulizowahi kutumia, kwa sababu sindano kama gentamaisini na streptomaisini, na baadhi ya dawa za saratani, zinagusa masikio. Ila kama bado uko kwenye dozi usiikatize mwenyewe, ongea na aliyekuandikia.

Kesho kutwa tunapimwa masikio kazini asubuhi baada ya shifti ya usiku. Kuna maandalizi? (Zamu ya usiku)

Ombeni ratiba ibadilishwe. Masikio yanatakiwa yawe yamepumzika na kelele za kazini kwa saa 14 hivi, na muziki mkubwa pia, hasa kama ni kipimo cha kwanza ambacho vya miaka ijayo vyote vitalinganishwa nacho. Mkipimwa mmetoka tu kwenye mashine mtaonekana wabovu kuliko mlivyo, halafu mwaka ujao mkipimwa mmepumzika karatasi itasema hakuna aliyeshuka. Na ukishapimwa omba nakala yako ukae nayo nyumbani.